Moto wa kuangalia na moto wa kuota ni bidhaa mbili

Leo naandika ndefu kidogo, mwenye haraka aisevu asome baadaye. Nataka tuongee kuhusu fayaplesi za umeme, yale masanduku ya kioo yenye moto wa taa juu ya magogo ya bandia. Msimu wa baridi ukikaribia naona kila ukurasa wa vitu vya nyumbani unaposti video ile ile moja ya moto, na maneno yale yale chini yake: "Moto kama wa kweli, joto la uhakika, haili umeme." Najua hayo maneno yametoka wapi kwa sababu na mimi nimewahi kuyaandika. Niliyakopi kwa muuzaji wa Kariakoo, na yeye aliyakopi kwenye tangazo la kiwanda huko China. Kati yetu hakuna aliyewahi kukaa mbele ya huo moto hata usiku mmoja.

Wengi humu mnanijua. Duka langu liko Mbeya, Mwanjelwa, nauza vitu vya sebuleni: mapazia, zulia, saa za ukutani, taa, na hizi fayaplesi. Nimeishia form four na umeme sijausomea. Haya ninayoandika nimejifunza kwa kuharibikiwa, na kwa kumsumbua fundi mmoja jirani yangu ambaye nadhani siku hizi akiniona kwa mbali anabadilisha njia.

Mwaka juzi, mwezi wa 6, dada mmoja anayefanya kazi Dar aliniandikia inboksi. Kwao ni Makete. Akasema: "Kaka, nataka kumnunulia mama ile ya moto. Kule baridi kali na yeye analala na jiko la mkaa ndani, namkataza hasikii. Hii inaleta joto?"

Nikajibu ndani ya dakika moja: "Ndiyo dada, joto la uhakika."

Boksi lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Sikulifungua. Sikusoma hata kibandiko cha nyuma. Kiukweli nilikuwa naangalia laki nne na nusu yake, maana mwezi ule kodi ya fremu ilikuwa inanisubiri. Akalipa, nikapakia kwenye basi, nikamtumia picha ya risiti na maua matatu.

Kibandiko kilikuwa kimeandikwa wati 25.

Kwa asiyejua wati 25 ni nini: ni taa tu. Mtu mzima aliyekaa kimya kwenye kiti mwili wake unatoa joto la kama wati 100. Yaani yule mama angemwalika jirani mmoja aje apige stori angepata joto mara nne ya lile nililomuuzia.

Baada ya wiki mbili dada akapiga simu, hana hasira hata kidogo. "Kaka, mama anasema ule moto hauna joto." Na hapo ndo nilipofanya baya zaidi. Nikamwambia auache uwake muda mrefu, utapata moto wenyewe. Nilikuwa sijui ninachosema, nilitaka simu ikatike.

Wiki ya tatu akapiga tena. Mjukuu alikwenda asubuhi kumgongea bibi yake, akamkuta hawezi kusimama, kichwa kinamuuma, anatapika. Dirisha limefungwa, lile sanduku langu linawaka ukutani kwa uzuri wote, na chini yake kuna jiko la mkaa. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu ambayo haina rangi wala harufu. Unasinzia tu, na kuna wanaosinzia moja kwa moja. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo huku nyanda za juu. Yule mama alipelekwa zahanati akapona, namshukuru Mungu.

Sasa wengine mtasema, kosa ni la mama, alikatazwa. Hapana. Binti yake alitumia laki nne na nusu kuliondoa lile jiko chumbani, na mimi nilipokea hela ya kuliondoa nikapeleka picha ya moto. Ndo maana sikubaliani kabisa na ule msemo tunaopeana humu kwamba mteja ananunua picha, wewe uza ndoto. Kwa saa ya ukutani sawa. Kwa hii bidhaa hapana. Hapa kuna wateja wa aina mbili wanaouliza kwa maneno yale yale. Mmoja anataka moto wa kuangalia, mwingine anataka moto wa kuota. Usipojua nani ni nani, usiuze.

Nilikwenda Makete mwenyewe kulichukua. Ningeweza kumwambia alirudishe kwa basi lakini nafsi ilinisuta. Tulipita Kitulo asubuhi, nyasi zote nyeupe kwa sakitu, kondakta amejifunga blanketi. Nilipofika nikasalimia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba." Akaniangalia. "Wewe ndo mwenye televisheni ya moto?"

Wadau, niliishiwa maneno.

Alinikaribisha jikoni, ndiko kwenye moto. Nikakaa kwenye kigoda, nikapewa chai. Na pale, bila kukusudia, yule mama alinifundisha somo la kuchagua fayaplesi kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Nilimuuliza tu, mama, kwani ule wa kwangu una shida gani, mbona unafanana? Akacheka. Akasema ule moto haujawahi kula kuni. Akanionyesha kwa kijiti. Moto wa kweli unaanzia chini ya gogo na pembeni yake, unalizunguka, gogo linaonekana linaliwa. Wa kwangu ulikuwa unachezea mbele ya gogo kama pazia. Makaa ya kweli yanapumua, hapa panakuwa pekundu, pale panafifia, halafu panawaka tena. Ya kwangu yalikuwa yanang'aa yote sawasawa kama tochi ya simu chini ya plastiki. Halafu akasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Akaniambia usiangalie moto, angalia ukuta wa nyuma yako. Nikageuka. Vivuli vyetu vilikuwa vinacheza, vinarefuka, vinafupika, kila kimoja kivyake.

Hicho ndo kipimo changu cha kwanza mpaka leo. Mzigo mpya ukija nafunga duka, nazima taa zote, nawasha fayaplesi, halafu naipa mgongo. Kama ukuta unakaa bila kucheza, au mwanga unarukaruka kwa mpigo mmoja kama taa za ukumbi wa harusi, huo moto ni wa bei ya chini hata kama muuzaji anadai bei ya juu.

Kipimo cha pili: chagua ulimi mmoja wa moto, uutazame, hesabu mpaka urudi tena vile vile. Zile mbovu unahesabu nne, tano, umesharudi. Mteja hatagundua dukani, atagundua siku ya tatu akiwa sebuleni kwake, na akishagundua hawezi tena kuacha kuliona. Na jueni hili: mtu aliyezaliwa Njombe, Makete, Mafinga au Lushoto amekulia mbele ya kuni. Jicho lake kwenye moto ni kali kuliko la mtu wa mjini. Huyo usimwambie "kama wa kweli" kirahisi.

Kuhusu namna zinavyotengenezwa, nitasema kifupi. Nyingi zilizoko sokoni ndani yake kuna taa za LED na mhimili unaozungushwa na mota ndogo, umejaa vibati vinavyong'aa. Taa inapiga vibati, vibati vinarusha mwanga kwenye ubao wa nyuma ya magogo, wewe unaona ndimi za moto. Ikitengenezwa vizuri inapendeza sana, na ndo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Shida yake ni mota. Za bei chee baada ya miezi michache zinaanza kulia kama baiskeli isiyo na grisi, na moto unaolia haumdanganyi mtu. Kabla hujanunua omba video yenye sauti, chumba kimya.

Nyingine ni skrini kabisa, inachezesha video ya moto uliorekodiwa. Ukiitazama mbele kwa mbele nzuri mno. Ukisogea pembeni inakuwa bapa, unaona ni tivi. Kama kochi kubwa la mteja liko pembeni, mshauri vingine.

Halafu kuna ya mvuke wa maji. Hii mimi naipenda kuliko zote na sijawahi kuuza hata moja kwa mtu wa kawaida. Ina kifaa kinachotetemeka haraka kiasi kwamba sikio halisikii, kinapasua maji yanakuwa ukungu mwembamba, taa ya rangi ya chungwa inaumulika kutoka chini, na ukungu unavyopanda unauona ni moto na moshi wake. Unaweza kupitisha mkono katikati. Dimplex wanaiuza hiyo kwa jina la Optimyst. Ila inataka kuongezwa maji kila mara, na maji yenyewe yasiwe ya chumvi, kwa sababu chumvi inaganda kwenye kile kifaa na ukungu unakufa. Mtu anayechota maji ya kisima huko kwake, umuuzie mashine ya kunywa maji safi? Hiyo ni ya hoteli na loji zenye mhudumu wa kuitunza.

Nirudi kwenye joto, maana ndo penye maneno mengi ya uongo. Angalieni tena lile tangazo: "Joto la uhakika, haili umeme." Hayo maneno mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Joto lote linatoka kwenye yuniti. Hakuna sehemu nyingine linapotoka. Kifaa cha wati 1500 kikiwaka saa nzima kimekula yuniti moja na nusu, kiwe kimetoka China au Ulaya, kiwe cha laki mbili au milioni mbili. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hatupendi lisemwe: hita ya feni ya wati 1500, ile ndogo ya kuweka sakafuni, inatoa joto lile lile sawasawa na fayaplesi ya wati 1500. Tofauti yote ya bei unayolipa ni ya moto wa kuangalia. Kwa hiyo mtu akija na shida ya baridi peke yake, mimi namuuzia hita. Nikishaongea naye faida yangu inashuka kutoka laki na kitu mpaka elfu kumi na tano, najua. Lakini huyo mtu anarudi kununua pazia.

Tupige hesabu ya LUKU, maana ndo swali la kwanza la mteja na wengi wetu tunalikwepa. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, ukinunua umeme wa elfu moja unapata yuniti kama 2.8. Fayaplesi ya wati 1500 ikiwaka kwa nguvu zote saa tatu kila jioni ni yuniti 4.5 kwa siku, yuniti 135 kwa mwezi, kama elfu arobaini na nane. Kuna familia hiyo si kitu, na kuna familia hiyo ni ada ya mtoto. Mwambie kabla, achague mwenyewe.

Hapo sijagusa wale wa tarifu ya watumiaji wadogo. Vijijini wako wengi, wanalipa shilingi 122 hivi kwa yuniti, badala ya 356, mradi wasizidi yuniti 75 kwa mwezi. Sasa muuzie mtu kama huyo kifaa cha yuniti 135. Akizidi, zile za ziada bei inapanda, na akiendelea hivyo anahamishwa kundi, ghafla hata taa na redio yake vinamgharimu karibu mara tatu. Halafu anasema TANESCO wamemuibia, kumbe ni wewe ulimuuzia "haili umeme". Yule mama wa Makete alikuwa humo. Tulipokuja kumpa hita nilimwekea kwenye wati 1000 na nikamwambia iwake saa mbili tu kabla ya kulala, chumba kikiwa kimefungwa, halafu aizime aingie kwenye blanketi. Hiyo ni yuniti 60 kwa mwezi, inabaki nafasi kidogo ya taa na kuchaji simu.

Na chumba chenyewe. Kadirio analotumia fundi wangu ni wati 100 kwa kila mita moja ya mraba, dari likiwa la kimo cha kawaida. Kwa hiyo wati 1500 inatosha chumba cha mita 4 kwa 4 hivi. Neno kubwa hapo ni dari. Nyumba ya bati isiyo na silingibodi joto linapanda juu linatoka, wewe unabaki na miguu ya baridi na LUKU inayopiga kelele. Siku hizi nauliza kabisa, "Nyumba ina dari?" Mwanzoni niliona aibu, kama namdharau mtu. Nimegundua hakuna anayekasirika. Kuna baba mmoja wa Uyole nilimuuliza hivyo akakaa kimya, kisha akasema hela hiyo ngoja akanunulie silingibodi kwanza. Alikwenda kweli. Mwaka uliofuata akarudi kwa fayaplesi.

Umeme ukiwa mdogo pia joto linashuka, na linashuka kuliko unavyodhani. Kifaa cha wati 2000 kilichotengenezwa kwa volti 230, kikipata volti 180 kinatoa kama wati 1200 tu. Ndimi za moto zinaweza kuwaka vizuri kabisa wakati huo huo, kwa hiyo mteja anaona moto na hasikii joto, anadhani kimeharibika. Kuna vijiji jioni wote wakiwasha ndo inakuwa hivyo. Muulize: jioni taa zako zinafifia? Na umeme ukikatika hakuna joto kabisa, hili ni la wazi lakini liseme kwa mdomo, kwa sababu usiku umeme umekatika ndo usiku jiko la mkaa linarudi chumbani.

Msiache kusoma kibandiko cha nyuma, tafadhali. Kuna mizigo inayotengenezwa kwa soko la Marekani, ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 inakufa hapo hapo, na ikifa vibaya inaondoka na kitu kingine. Angalia plagi pia. Fayaplesi ya joto inakuja na plagi ya pini bapa za China, mteja ananunua adapta ya buku mbili, ndani yake vibati vyembamba kama vya betri. Kifaa cha wati 2000 kwa volti 230 kinavuta karibu ampea 9. Adapta ile inayeyuka. Mimi nambadilishia plagi mwenyewe kupitia fundi, nafunga ile ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, gharama naiweka kwenye bei. Na ekstensheni ndefu za waya mwembamba ambazo tivi, redio na friji vyote viko hapo, hapana. Ichomekwe ukutani moja kwa moja. Kama soketi inapata moto ukiigusa, zima, ita fundi.

Wa Dar na Pwani kwa ujumla mna wateja wa aina nyingine kabisa na kazi yenu ni rahisi. Mteja wa Tabata au Mbezi amejengewa ukuta wa tivi na fundi jipsam, ameachiwa nafasi chini, anataka moto hapo usiku wageni wakija. Joto la nini huko? Muuzie moto peke yake, wa wati 20 au 25, akiwasha saa tano kila siku kwa mwezi hafiki hata yuniti nne. Bidhaa ile ile iliyomuumiza mama wa Makete, kwa mtu wa Mbezi ni sahihi kabisa. Kama anachukua yenye joto basi hakikisha ina swichi ya kuwasha moto bila joto, na uangalie joto linatokea wapi. Kuna zinazopuliza juu, moja kwa moja kwenye tivi iliyo juu yake. Tafuta inayopulizia mbele, kwa chini. Mapazia na makochi yakae mbali kama mita moja.

Jina nalo ni tatizo. Nilijaribu kuandika "meko ya umeme", nikaona ni Kiswahili kizuri. Mteja wa Tunduma akaniuliza, "Kaka, ina pleti ngapi? Oveni ipo?" Mwingine alilipa kabisa nusu. Nikarudi kwenye fayaplesi, na chini naandika kwamba haipiki.

Video sasa. Acheni video za kiwanda. Piga yako, kwa simu yako, dukani kwako, na itaje siku. Piga mara mbili, taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa, kwa sababu moto wowote unapendeza gizani, na mteja mwenye sebule ya madirisha makubwa mchana hatauona kabisa. Zunguka pembeni, usikate kwa dakika mbili nzima. Gizani simu inajipandishia mwanga yenyewe, inaufanya moto uonekane mkali kuliko ulivyo, kwa hiyo gusa skrini pale penye moto, ushushe mwanga mpaka ufanane na unachokiona kwa macho. Nilipoanza kufanya hivi oda zilipungua, sitaki kuwadanganya. Zilipungua karibu miezi miwili. Kilichoisha kabisa ni zile simu za saa nne usiku za "kaka mbona iko tofauti".

Najua kuna watakaoandika hapa chini kwamba ukieleza sana mteja anakimbilia kwa mwenzako anayesema "joto la uhakika". Ni kweli, anakimbia. Nimewaona. Mmoja alinunua kwa mwingine, akaja kwangu kuuliza kama naweza kumsaidia kuibadilisha. Sikuweza. Hela ya yule dada wa Dar niliirudisha yote, pamoja na nauli ya mzigo, kwa mafungu mawili kwa sababu kwa mkupuo sikuwa nayo. Lile sanduku la wati 25 liko ukutani dukani kwangu mpaka leo, siliuzi. Mteja akija kuulizia joto namwambia aweke mkono mbele yake kwanza.

Tangazo langu la sasa ni hili. Mwenye kutaka kulikopi akopi, abadilishe vipimo viendane na kibandiko cha mzigo wake:

"Fayaplesi ya umeme, upana sentimita 90. Moto ni wa taa, usiku unaonekana vizuri, mchana kwenye mwanga mkali unafifia. Joto lina hatua mbili, wati 750 na wati 1500, na unaweza kuwasha moto bila joto. Joto likiwa juu kabisa inakula yuniti moja na nusu kwa saa. Inafaa chumba kisichozidi mita 4 kwa 4 chenye dari. Volti 230, plagi ya pini tatu, ichomekwe ukutani na siyo kwenye ekstensheni. Haipiki. Video ni yangu, nimeipiga jana usiku dukani. Ukitaka kuiona ikiwaka wewe mwenyewe ukiangalia, nipigie simu ya video baada ya saa moja jioni, nikishafunga nazima taa."